Anza na Mizani: Hotuba kwa Vijana wa Tanga Wanaotaka Kuunda Ndege

Maneno haya niliyasema asubuhi ya Jumamosi mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi hapa Tanga mjini. Wasiokuwepo wameniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Walimu wangu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mliojaza viti vya mbele, nashukuru kwa kuitwa. Nimeombwa nizungumze juu ya zana, vifaa na mbinu za kuunda ndege za mfano, zile ndogo zinazoruka kweli. Zana ninayoanza nayo ni ile ambayo watu wengi huifikiria mwisho, au hawaifikirii kabisa. Ni mizani. Mizani ndogo ya kidijitali, yenye kusoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, kama ile iliyoko mezani kwa sonara. Kabla ya kununua kisu, kabla ya gundi, kabla hata ya kuchagua mchoro, tafuteni mizani. Shule moja ikiwa nayo moja, inatosha watu wote.

Nawaomba tupige hesabu kidogo pamoja. Chukua glaida, yaani ndege isiyo na injini, yenye mabawa ya sentimita 60 toka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 10. Eneo la bawa ni sentimita za mraba 600. Ndege nzima ikiwa na gramu 60, itaelea kwa mwendo wa kama mita 5 kwa sekunde. Kijana mwenye mbio anaweza kuandamana nayo uwanjani. Sasa iunde ndege ileile kwa mbao nzito na gundi ya kumwaga, ifike gramu 180. Bawa ni lilelile, kwa hiyo ili libebe mzigo huo lazima lipite hewani kwa kasi zaidi, kama mita 9 kwa sekunde. Na ikigonga mnazi? Uzito umezidi mara tatu. Mraba wa kasi nao umezidi mara tatu. Nguvu ya kishindo hupanda kwa uzito mara mraba wa kasi, kwa hiyo kishindo kimezidi mara tisa. Ndege ya gramu 60 ikigonga, unaiokota, unapuliza mchanga, unairusha tena. Ile ya gramu 180 unaokota vipande.

Kijana anayeunda kwa mara ya kwanza akiona ndege imevunjika, hufikiri aongeze mbao ili iwe imara. Anaongeza uzito, ndege inaruka kwa kasi zaidi, inavunjika vibaya zaidi, naye anaongeza mbao tena. Njia ya kutoka kwenye mzunguko huo ni kupunguza. Ndege nyepesi inajilinda yenyewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1871 Mfaransa mmoja, Alphonse Pénaud, alirusha ndege ndogo jijini Paris mbele ya mashahidi. Iliendeshwa na mpira uliosokotwa, pangaboi likiwa nyuma, na mkia wake ulikuwa umepangwa kwa namna ambayo ndege ilijinyoosha yenyewe hewani bila mtu kuishika. Ilikwenda kama mita 40 kwa sekunde 11. Pénaud huyohuyo alitengeneza mdoli mwingine, yaani chombo cha kuchezea, uliopaa wima kwa nguvu ya mpira, na mwaka 1878 mchungaji mmoja wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe wawili mdoli wa namna hiyo, wa mianzi, kizibo na karatasi. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Waliuchezea hadi ukavunjika, wakaunda mwingine wao wenyewe. Walipojaribu kuunda mkubwa zaidi, hawakufanikiwa, na hawakujua kwa nini. Sisi tunajua: ukikuza kitu mara mbili kila upande, eneo la bawa linakuwa mara nne, lakini uzito unakuwa mara nane. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao wakaruka wao wenyewe kwa ndege yenye injini, na ile safari ya kwanza ilidumu sekunde 12, umbali wa kama mita 37. Mfupi kidogo kuliko umbali wa ndege ya mpira ya Pénaud! Kwa hiyo, mzazi, ukimwona mwanao amekaa na vijiti na karatasi, usimwambie aache mchezo akasome.

Sasa vifaa. Waundaji wa Ulaya na Marekani wakisema mbao, mara nyingi wanamaanisha balsa, mti unaotoka zaidi Ecuador. Unakua haraka na mbao yake ni nyepesi ajabu. Mita moja ya ujazo ya balsa nyepesi ina kilo 100 hivi, ya wastani 160. Mninga wetu tunaotengenezea vitanda una kilo 600 hivi. Msidhani balsa ni mbao ya watoto: wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walitengeneza ndege ya kivita, Mosquito, kwa tabaka za mbao ngumu nje na balsa katikati, na ilikuwa miongoni mwa ndege zenye kasi kubwa za wakati wake.

Anayeweza kuagiza balsa aagize, sina ugomvi naye. Akiipata, aitazame kwenye mwanga. Kuna bapa ambalo uso wake una mistari mirefu iliyonyooka. Hilo linakunjika kirahisi, linafaa kufunika sehemu za mviringo. Kuna jingine ambalo uso wake una madoadoa yanayong'aa kama magamba. Hilo ni gumu kukunja, linafaa mbavu za bawa. Ukizibadilisha, mbavu zitalegea na kiwiliwili kitapasuka ukikikunja.

Lakini sikubali kijana wa Tanga akae miezi anasubiri kifurushi kutoka ng'ambo wakati amezungukwa na vitu vyepesi. Tuanze na mkonge, maana mkoa huu umejengwa juu ya mkonge tangu Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Dk. Richard Hindorf, alipouleta kutoka Florida mwaka 1893. Sote tunajua singa zake. Wachache wanauangalia ule mlingoti unaochomoza katikati ya mmea ukikaribia mwisho wake, kwa sababu mkonge unachanua mara moja tu halafu unakufa. Mlingoti huo ukikauka, ganda la nje ni gumu na ndani kuna moyo laini, mwepesi sana. Upasue kwa urefu, toa vipande vya moyo kwa ajili ya pua na vizibo, na vipande vyenye ganda kidogo kwa ajili ya mhimili wa bawa. Ukague kwanza kama una vitobo vya wadudu. Wenye vitobo uache hukohuko shambani.

Kisha kuna mwale. Mashina ya majani yake watu wa pwani wamejengea milango na ngazi tangu zamani, na ndani yake ni kama sifongo iliyokakamaa. Kwa kiwiliwili cha glaida sijaona cha kuupita hapa kwetu. Msufi nao upo. Huo ni ukoo mmoja na balsa, na mbuyu pia yumo katika ukoo huo, ingawa mbao ya msufi ni nzito kuliko balsa, mara nyingi maradufu au zaidi. Kwa hiyo ukitumia msufi, bapa liwe jembamba.

Mianzi ni kwa sehemu zinazopata kishindo na sehemu zinazopinda. Chana mwanzi mkavu uwe kijiti chembamba, kipashe juu ya mwali wa mshumaa bila kukiunguza, kikunje polepole, kishikilie hadi kipoe. Kitabaki na umbo hilo. Ncha za mabawa zilizoviringwa hupatikana hivyo. Na vijiti vya fagio la chelewa, ambavyo mmevitumia kwenye tiara toka mkiwa wadogo, vinafaa kwa mkia wa ndege ndogo. Chagueni vilivyonyooka, na mkumbuke kijiti kina upande mnene na upande mwembamba: upande mnene uelekee mbele.

Mbao au mwale wowote ukaushwe kivulini, umeinuliwa chini pawe na hewa, na hapa ndipo ile mizani inapoanza kazi. Pima kipande leo, andika namba kwa penseli juu yake. Pima tena baada ya siku chache. Namba ikiendelea kushuka, maji bado yamo. Ikisimama, anza kukata. Kwa hewa yetu ya pwani yenye unyevu, usiyaamini macho.

Povu jeupe lile linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni na friji nalo ni kifaa kizuri mno, jepesi kuliko hata balsa, na hutupwa bure madukani. Lina masharti mawili. La kwanza, halipatani na petroli, tina ya kuzimulia rangi, rangi za kupulizia wala gundi ya viatu. Vitu hivyo vinaliyeyusha mbele ya macho yako. Tumia gundi nyeupe ya mbao na rangi ya maji. La pili, likikatwa kwa waya wa moto linatoa moshi mbaya, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na mtu mzima awepo.

Nikija kwenye zana, orodha ni fupi. Wembe, au kisu cha karatasi chenye makali ya kubadilisha. Rula ya chuma. Pini nyingi za fundi cherehani. Koleo dogo la kukunja waya. Vibanio vya nguo vya kushikilia vitu gundi ikikauka. Msumeno wa meno madogo. Ubao wa kujengea juu yake, na hapa kipande cha jipsam kilichobaki kwa mafundi wa dari kinafaa sana, maana pini inaingia na kushika. Cha muhimu ni kiwe kimenyooka kabisa. Ubao ukipinda, bawa litapinda, na bawa lililopinda haliwezi kunyooshwa kwa maneno. Juu ya mchoro tandika nailoni, au pakaza nta ya mshumaa mahali panapopata gundi, la sivyo utaling'oa bawa pamoja na karatasi.

Msasa usiushike kwa vidole vitupu. Vidole vinafuata mabonde, vinayachimba zaidi. Nendeni kwa mafundi wa madirisha ya alumini, Ngamiani wamejaa, mkaombe kipande kilichokatwa cha urefu wa shibiri moja. Kimenyooka kuliko ubao wowote mtakaoupiga randa. Gundisheni msasa namba 120 upande mmoja na 240 upande wa pili. Hicho ni chombo cha miaka. Waya wa miguu na wa kushikia pangaboi utaupata kwa fundi baiskeli, na mji huu haujawahi kupungukiwa baiskeli: spoku kuukuu, iliyonyooka, isiyo na kutu. Chumvi ya bahari inakula nyembe na pini haraka hapa kwetu, kwa hiyo hifadhini kwenye kopo lenye mfuniko, pamoja na punje za mchele zilizokaangwa zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa.

Naomba sasa nikae kidogo kwenye jambo moja, kukata mbavu za bawa, kwa sababu hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana.

Ile glaida ya sentimita 60 inahitaji mbavu 11 zilizopishana sentimita 6. Ukizikata moja moja kwa kufuata kalamu, hakuna mbili zitakazofanana, na bawa litakuwa na mawimbi kama bati. Kata kwanza vielelezo viwili vya alumini nyembamba au mbao ngumu, vyenye umbo kamili la ubavu: mgongo umeviringa, tumbo limenyooka, sehemu nene kuliko zote ikiwa karibu theluthi ya kwanza. Kisha kata vibapa 11 vya unene wa milimita 2, vikubwa kidogo kuliko umbo, nyuzi za mbao zikienda kwa urefu. Vipange pamoja, kielelezo kimoja huku na kimoja huku, vitoboe kwa pini ndefu mbili, vikaze. Sasa una tonge moja la mbao. Lipunguze kwa wembe, ukikata kutoka mahali pa juu kuelekea ncha, usiende kinyume cha nyuzi kwa sababu zitachanika. Ukifika karibu na kielelezo, weka wembe chini, chukua kile kipande cha alumini chenye msasa. Piga msasa hadi usikie unagusa vielelezo pande zote mbili. Bado zikiwa zimefungwa pamoja, kata kwa msumeno pengo la mhimili, mara moja kwa mbavu zote. Fungua. Mbavu 11, sura moja.

Zipeleke kwenye mizani. Kwa msufi wa milimita 2 kila moja inapaswa kuwa nusu gramu hivi, zote pamoja zisipite gramu 6. Zipange kwa uzito: zilizo nzito zikae katikati, nyepesi kuliko zote ziende kwenye ncha. Na uhakikishe bawa la kulia na la kushoto yanalingana, kwa sababu tofauti ndogo kwenye ncha ina mkono mrefu, inatosha kuigeuza ndege upande.

Habari ya mkono mrefu inahusu mkia pia, tena zaidi. Mkia uko mbali na bawa, pua iko karibu. Gramu moja ya ziada mkiani inadai gramu mbili au tatu puani ili ndege ikae sawa. Kwa hiyo ukipamba, usipambe mkia. Rangi, stika, jina lako kwa herufi kubwa, vyote vina uzito.

Gundi ni mahali ambapo vijana wengi wanaharibu kazi nzuri. Gundi nyeupe ya mbao ndiyo ninayoipendelea. Inachelewa kushika, ndiyo, na wakati wa masika inachelewa zaidi, lakini inakupa nafasi ya kurekebisha, na karibu nusu ya uzito wake ni maji yanayopotea ikikauka. Pakaza kwa kijiti cha meno. Mahali ambapo mwisho wa mbao unakutana na uso wa nyingine, pakaza utando mwembamba, uache uingie kwenye vitundu, kisha ongeza kidogo na ubane. Kinachochuruzika kifute. Fundo la gundi kwenye pembe halishikilii chochote, linaongeza gramu tu.

Supagluu ni ya dharura uwanjani. Inashika haraka zaidi hewa ikiwa na unyevu, kwa hiyo hapa Tanga inakushika hata kabla hujajiandaa. Wazazi nisikilizeni hapa: supagluu ikimwagikia pamba au kitambaa cha pamba inapata moto, inaweza kuunguza ngozi na kutoa mvuke unaochoma macho. Usifute kwa pamba. Usiitumie ukiwa umeinamisha uso juu yake. Gundi ya Araldite ni kwa waya wa miguu na mahali mabawa yanapoungana, basi.

Kufunika bawa, karatasi ya tiara inatosha. Ina upande ambao inachanika kwa mstari ulionyooka. Upande huo ulale kwa urefu wa bawa. Gundisha pembezoni tu, vuta mikunjo mikubwa itoke, mingine iache. Gundi ikikauka, chukua chupa ya kupulizia maji kama ile ya kinyozi, ipulizie karatasi ukungu mwepesi kutoka mbali. Italegea kwanza, utaogopa. Ikikauka itajikaza. Wakati wa kukauka bawa libanwe kwenye ubao kwa pini, kwa kuwa karatasi ina nguvu ya kulipotosha bawa zima. Mkitaka isilegee siku za unyevu, ombeni kwa seremala sila kidogo, ile ya kuzibia vitundu vya mbao, izimueni sana kwa tina, mpake tabaka moja nyembamba. Fanyeni nje na mbali na jiko, maana mvuke wake unashika moto.

Ndege imekamilika, mkono unawasha kuirusha. Subiri. Kwanza pima tena, uandike. Kisha tafuta kitovu cha uzito: weka alama chini ya kila bawa, sentimita 3 nyuma ya ukingo wa mbele kwa bawa la upana wa sentimita 10, inyanyue kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Ikae mlalo. Ikiinamisha mkia, ongeza udongo wa kufinyanga puani hadi ikae. Itazame kutoka mbele: ncha za mabawa ziwe zimeinuka sawasawa, kama sentimita 4 kila moja kupita katikati. Kuinuka huko ndiko kunakoirudisha ndege ikiyumba. Itazame kutoka nyuma: bawa lisiwe limejipinda. Likiwa limejipinda, lishikie juu ya mvuke wa birika, lizungushe kinyume taratibu, lipoe.

Nenda uwanjani alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaamka. Siku za malelezi, kati ya kusi na kaskazi, ndizo bora kuliko zote. Kusi likishika, hata asubuhi dirisha ni dogo. Tafuta nyasi. Simama ukiuelekea upepo mdogo uliopo, shika ndege usawa wa bega, pua ikiangalia chini kidogo, usukume mbele kwa ulaini kama unayempa mtu kitu. Usitupe juu. Tazama. Ikiinua pua, ikasita hewani, ikadondoka, halafu ikainua tena, pua ni nyepesi: ongeza udongo kidogo, ukubwa wa punje ya dengu. Ikipiga mbizi, punguza udongo, au inua kidogo sana ukingo wa nyuma wa mkia wa mlalo. Ikikata kona kali, kagua msokoto wa bawa kabla hujagusa pezi la mkia. Badilisha jambo moja tu kati ya mrusho na mrusho. Ukibadilisha mawili, ndege ikiruka vizuri hutajua ni lipi lililosaidia.

Glaida ikishawatii, ongezeni injini ya mpira. Raba za kufungia noti zilizounganishwa zinatosha kuanzia. Zioshwe vumbi, zikaushwe, zipakwe glisarini ya duka la dawa. Msizipake mafuta ya mashine, yanaoza mpira. Siri ya kusokota ni kuvuta kwanza: mwenzako ashike ndege, wewe uvute mpira mara nne ya urefu wake, uanze kuzungusha, na kadiri mizunguko inavyozidi unamsogelea polepole. Mpira uliovutwa hivyo unabeba mizunguko mingi zaidi kuliko uliosokotwa ukiwa umelegea. Vaeni miwani, mpira ukikatika unarudi kwa nguvu. Duniani kuna watu wanaounda ndege za ukumbini, gramu chache tu, zinazozunguka chini ya paa zaidi ya nusu saa kwa mpira peke yake. Nusu saa, hakuna betri, hakuna mafuta.

Najua wapo walionijia na swali la mota za umeme na rimoti. Nitasema machache, kwa sababu hatua hiyo ni ya baadaye na naamini kijana anayeirukia kabla ya glaida anajifunza kununua badala ya kuunda. Betri za lithiamu zinazotumika huko hujazwa hadi volti 4.2 kwa kila seli na hazitakiwi kushuka chini ya volti 3. Zijazwe kwa chaja yake maalumu, juu ya sakafu ya saruji, mtu akiwa macho pale. Betri iliyovimba isitumike tena. Isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, na jua letu mnalijua. Pangaboi linalozungushwa na mota linakata vidole, kwa hiyo betri iunganishwe mwisho, uwanjani, ndege ikiwa imeshikwa. Kuhusu sheria, vyombo visivyo na rubani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na vinahitaji kibali. Mwalimu aulize kabla shule haijanunua chochote cha rimoti. Na kwa ndege za aina yoyote, hata glaida ya karatasi, uwanja wetu wa ndege uko karibu sana na mji: upande huo hatuendi kurusha. Nyaya za umeme hatuzikaribii. Ndege ikinasa kwenye waya wa Tanesco, hiyo imekwenda, utaunda nyingine.

Wazazi mnaweza kuuliza gharama. Sehemu kubwa ya nilivyotaja hapa vinaokotwa, vinaombwa au vinauzwa kwa bei ya daftari. Kinachotakiwa kwenu ni meza moja ambayo haifagiliwi kila jioni, mahali ambapo bawa linaweza kulala na pini zake hadi kesho bila mtu kulihamisha. Na mabinti wapewe nafasi ileile. Kazi hii ni ya vidole vitulivu na macho makini, na mwenye mkono wa kushona au wa kusuka ukili ana mwanzo mzuri kuliko wengi.

Mwalimu mkuu ameshatukubalia uwanja wa nyuma ya madarasa kwa Jumamosi ijayo. Tutaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atakayefika saa mbili atakuta upepo umeshatufukuza. Kila mmoja aje na kipande cha mwale, mkonge au msufi alichokitafuta mwenyewe, kikavu, kisichozidi urefu wa rula, kimeandikwa jina. Nitakuja na vielelezo vya mbavu, tukate pamoja kundi la kwanza. Mwenye wembe aufunge kwenye karatasi ngumu kabla ya kuutia mfukoni, na mwenye mdogo wake wa darasa la tatu au la nne amlete, tuna kazi ya kupanga pini.